Je, Gari Lenu Lingefika Muze?

Sumbawanga, Agosti

Mwanangu mpendwa,

  Baridi ya mwaka huu imekaza, watu wanakwenda sokoni asubuhi wamejifunika mablanketi. Mahindi yameshatoka shambani. Kuanzia Ikana hadi Laela nimeyaona magunia yamepangwa kando ya lami yakisubiri malori. Safari ya kutoka Tunduma ilikuwa nyepesi. Wewe huikumbuki barabara ile ilivyokuwa kabla ya lami, ulikuwa mdogo, lakini mimi niliisafiri nikiwa mwalimu kijana, juu ya magunia kwenye bodi la lori, masika, na kulala njiani lilikuwa jambo la kawaida. Siku hizi zaidi ya kilomita 200 unazimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Tulipoagana Silverstone, Uingereza, uliniomba nikuandikie nilivyoyaona mashindano yenu ya wanafunzi wanaounda magari, ukasisitiza kwamba hutaki sifa tupu. Nimengoja nifike kwanza, kwa sababu nilitaka kuyapima nikiwa huku juu Ufipa, ambako gari halipumziki. Basi kaa usome taratibu, na wenzako wasiojua Kiswahili uwatafsirie yatakayowafaa.

Tangu nifike, kila anayekuja kunijulia hali anauliza swali lilelile: nani alishika namba moja kwenye mbio? Inabidi nianze kwa kueleza kwamba mbio kama wanavyozifikiria hazipo. Gari linaingia kwa zamu yake, linapita kati ya koni za plastiki, saa inahesabu, linatoka. Hata yakiwa uwanjani mawili matatu kwa pamoja, linalofikiwa kwa nyuma linapisha pembeni. Alama zote ni 1,000, na 325 kati ya hizo hutolewa gari likiwa limesimama kimya: 150 za usanifu, 100 za gharama na utengenezaji, 75 za kulinadi wazo la biashara mbele ya majaji. Mtu aliyezoea kusikia habari za Safari Rally, akienda pale kutafuta vumbi na magari kupitana, atarudi na kiu yake.

Mimi sikurudi na kiu. Siku iliyonifurahisha kuliko zote ni ile ambayo hakuna gari lililokimbia. Kwenye banda la jirani zenu alikuwepo binti ameshika kipande cha alumini, kile kinachobeba beringi ya gurudumu la mbele. Jaji, mzee wa makamo mwenye kalamu sikioni, akamuuliza kwa nini karibu na tundu la bolti wameacha unene ule wote, na upande wa pili wamekwangua mpaka ukabaki ukuta mwembamba. Binti akataja mzigo unaokuja gari linapofunga breki na mzigo unaokuja kwenye kona. Jaji akauliza: mzigo huo mliujuaje? Akajibu, kwa kompyuta. Na kompyuta iliambiwa na nani? Binti akanyamaza kidogo, akainama kwenye mkoba, akatoa daftari lenye madoa ya oili. Humo mlikuwa na majedwali yaliyoandikwa kwa mkono, ya siku waliyofunga vipimio kwenye gari la mwaka uliotangulia na kulikimbiza. Jaji akalichukua lile daftari, akasoma ukurasa mzima bila kusema neno. Nimefundisha fizikia karibu maisha yangu yote ya kazi, na sijawahi kuona mtihani mzuri kama ule. Wanafunzi wangu niliwauliza kanuni inasemaje. Sikuwauliza mara nyingi vya kutosha namba zao wamezitoa wapi.

Na ukaguzi! Ule niliutazama mpaka dada yako akachoka kunisubiri. Gari linawekwa juu ya meza, linainamishwa nyuzi 60 kwa ubavu, dereva akiwa ndani, na halitakiwi kuinua tairi wala kudondosha tone la oili. Dereva aliyefungwa mikanda lazima atoke ndani ya sekunde 5. Kwenye jaribio la breki magurudumu yote manne lazima yakwame kwa pamoja. Gari lisilopita haliingii uwanjani, hata kama limegharimu mwaka mzima wa usingizi. Nililiona moja likirudishwa mara mbili kwa sababu ya uvujaji mdogo kabisa, na vijana wake wamekaa chini kwenye saruji wanafungua bomba lilelile kwa mara nyingine. Niliwahurumia, lakini aliyewarudisha alifanya haki. Malori yanayopanda na kushuka huku kwetu yangekaguliwa hivyo, makaburi mengi ya kando ya barabara yasingekuwepo.

Sasa yanayonisumbua.

Kwanza ni huyo mteja wenu. Mashindano haya yalipoanza kule Texas mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanafunzi waliambiwa wajifanye kampuni inayomtengenezea gari mtu asiye dereva wa kulipwa, anayekwenda kujifurahisha kwenye uwanja wa koni siku ya mapumziko. Uingereza waliyapokea mwaka 1998, Ujerumani wakafuata mwaka 2006, na mteja huyo wa kufikirika amekuwa akisafiri nayo. Hajawahi kuja kulalamika. Hajawahi kusema kiti kinamuumiza mgongo, wala kwamba spea haipatikani, wala kwamba alinunua gari kwa mkopo na sasa limelala. Mhandisi anayejifunza kwa mteja asiye na mdomo anajifunza nusu ya kazi, na ile nusu iliyobaki ndiyo inayowashinda wengi wakishaajiriwa.

Pili ni umri wa magari. Kanuni zinataka kila msimu timu ije na gari jipya. La zamani linabaki kuwa la mazoezi, au linatundikwa ukutani. Naelewa sababu: kila kizazi cha wanafunzi kipate kuunda. Lakini matokeo yake ni kwamba hakuna anayeulizwa gari lake litakuwaje mwaka wa 5. Hakuna jaribio la kumpa fundi asiyelijua spana na taa ya mkononi, akaambiwa abadilishe beringi huku saa inahesabu. Ungeliona gari lenu kwa macho ya fundi wa hapa Chanji! Nimemwonyesha picha ulizonitumia. Alizikuza kwenye simu, akatazama kimya, kisha akaniuliza swali moja tu: mkono wake unapita wapi kuifikia ile nati ya ndani? Nikashindwa kumjibu. Naomba unijibie wewe.

Tatu, hizo kilomita 22 mnazoziita mtihani wa uvumilivu. Ndizo zenye alama nyingi kuliko kitu kingine chochote, dereva mmoja anaanza na mwingine anamalizia, na kila mwaka magari mengi yanazimika kabla ya kufika mwisho. Watu walisimama kushangilia gari lililomaliza likifuka moshi, na mimi nilisimama nao, kwa sababu nilizijua jitihada zenu. Lakini kilomita 22 za lami laini, kiangazi cha Uingereza, hazilifikishi gari hata robo ya njia ya kutoka hapa kwenda Laela. Gari likifia hapo, tatizo lake lilianza mezani, miezi mingi nyuma, pale timu ilipoamua kutafuta gramu za kupunguza badala ya saa za kulijaribu.

Mambo hayo matatu kwangu yana mzizi mmoja, nao ni pesa. Timu zinazotangulia zina wafadhili wakubwa, zina nyuzi za kaboni, zina mahali pa kupima upepo. Mwezi Septemba mwaka 2023 wanafunzi wa ETH Zurich na wenzao wa Lucerne waliliendesha gari lao dogo la umeme kutoka kusimama mpaka kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 0.956, kwenye umbali wa mita 12.3. Ni kazi ya ajabu na ninaiheshimu. Nimeishika ile hesabu nikaipiga upya kwa mkono, na mtetemo wa moyo nikausikia. Ila zile alama 100 za gharama hazimzawadii hasa aliyetengeneza kwa bei ya chini. Zinapima kama unaijua bei ya ulichokitengeneza na njia ya kukitengeneza. Kwa hiyo kijana aliyepata nguvu ileile kwa chuma cha kawaida na mashine ya kuchomelea anaweza kuzidiwa na aliyeeleza vizuri bei ya kaboni yake. Halafu fikiria timu itokayo mbali, inayolipia kontena, viza na malazi kabla gurudumu halijagusa lami. Wamisri wanafika, na niliwapigia makofi mpaka viganja vikaniwasha. Wengi wetu hatufiki.

Usidhani huku hatujawahi kujaribu. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer zikaonyeshwa hadharani, watu wakashangilia. Pesa za kuyaunda kwa wingi hazikupatikana, na mambo yakaishia hapo. Makerere walizindua Kiira EV mwezi Novemba mwaka 2011, gari la umeme la watu wawili lililotoka mikononi mwa wanafunzi na walimu wao, na wao hawakuishia kwenye sherehe. Mwaka 2016 walileta basi la Kayoola lenye paneli za jua juu ya paa. Naona walifanya uamuzi wa maana walipohama kutoka gari la kuonyesha kwenda basi, kwa sababu basi lina abiria, na abiria husema. Sisi tunacho kituo cha magari cha Nyumbu pale Kibaha tangu miaka ya 1980. Nani katika darasa lenu amewahi kukisikia kituo hicho kikitajwa?

Siku ya pili baada ya kufika nilikwenda upande wa Nkansi na baba yako mdogo, naye alikuwa na shughuli ya maharage. Nikamwomba tupite kwenye malungu, yale matanuri ya kale ya kuyeyushia chuma. Unakumbuka nilikupeleka ukiwa darasa la tano ukalilia kurudi nyumbani? Safari hii nilikaa. Tanuri limesimama, limenizidi urefu kwa mbali, limejengwa kwa udongo wa kichuguu, chini limezungukwa na matundu ya kuingizia hewa. Halikuvukutwa kwa mivukuto. Urefu wake wenyewe, na joto la ndani, ndivyo vilivyovuta hewa kutoka chini, siku baada ya siku, mpaka mawe yakatoa chuma. Bonge lililopatikana lilipelekwa kwenye tanuri dogo la kintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikofanya kazi ya kulisafisha. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wetu, aliitafiti teknolojia hii ya Ufipa kwa shahada yake ya uzamivu miaka ya 1990, na matanuri aliyoyakuta ni ya aina zaidi ya moja, maana yake mafundi wa hapa walibadili usanifu wao kadiri karne zilivyopita. Mavi ya chuma bado yametapakaa pale chini. Nimeokota kipande kimoja; ni kizito, cheusi, kina vitundu, na pembeni kimeng'aa kama chupa.

Nakuandikia haya kwa sababu mafundi wale walikuwa na mteja. Alikuja kuchukua jembe, akaenda kulima matuta, na likivunjika alirudi nalo. Urefu wa tanuri, idadi ya matundu, udongo wa kichuguu gani unafaa na upi unapasuka, yote hayo yalisahihishwa na mkulima aliyerudi na jembe mkononi. Hicho ndicho nilichokikosa kule uwanjani kwenu, pamoja na uzuri wake wote.

Niliuliza pia swali la hewa, utakumbuka, na mwenzako akacheka kwa adabu. Nilimaanisha. Injini zenu za mafuta zinaruhusiwa ukubwa wa hadi sentimita za ujazo 710, lakini hewa yote lazima ipite kwenye tundu la milimita 20 tu ili nguvu isizidi. Kule mpo karibu na usawa wa bahari. Sumbawanga ipo takriban mita 1,800 juu yake, na hewa ya hapa ni pungufu kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Mapigo yaleyale ya injini yanavuta oksijeni pungufu kupitia tundu lilelile. Injini ya umeme haipumui, lakini nayo hupozwa kwa hewa, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Gari lenu limesanifiwa kwa ajili ya mahali pamoja tu duniani, na hakuna jaji aliyewauliza lingefanya nini kwingine.

Hapa sasa nakuja kwenye pendekezo langu. Ukitoka Ntendo kwenda Muze unayaacha haya mabaridi ya juu na kushuka hadi bonde la Ziwa Rukwa, lililo karibu mita 800 kutoka usawa wa bahari. Mteremko wote unakaribia mita 1,000. Piga hesabu kama nilivyowafundisha: kila tani moja inayoshuka kimo hicho inaachia nishati ya kutosha kuchemsha lita 30 za maji ya baridi. Lori la tani 10, lita 300. Sehemu ya nishati hiyo inaliwa na injini kama dereva ameshusha gia, sehemu na upepo na matairi, na inayobaki inakwenda kwenye breki. Ndiyo maana unasikia harufu ile ya breki kuungua kabla hujaliona gari lenyewe. Gari la umeme lingeweza kuirudisha nishati hiyo kwenye betri: kwa kila tani, kama kilowati-saa 2.7 kabla ya hasara. Waambieni waandaaji wawape mteremko huo badala ya kuzunguka koni kwa namba nane. Atakayefika chini breki zikiwa za vuguvugu na betri ikiwa imejaa zaidi kuliko alipoanza, huyo apewe alama.

Na kama mnataka kuanza na jambo dogo zaidi, liko mlangoni. Mkokoteni wa ng'ombe. Karibu mavuno yote ya vijijini huku yanafika barabarani kwa mkokoteni uliotengenezwa kwa ekseli la gari chakavu na matairi mawili, na hauna breki kabisa. Kwenye mteremko, uzito wote wa magunia unawasukuma ng'ombe kwa nyuma, kijana anaruka chini na kuburuza gogo lililofungwa kamba. Nililiona hilo wiki iliyopita kwenye njia ya kutoka shambani kwa baba yako mdogo: yule ng'ombe wa kulia amechubuka shingoni chini ya nira, nyama imeonekana, na bado alikuwa anavuta. Breki ya kukanyaga, au inayojibana yenyewe pale nira inaporudi nyuma, fundi wa kijijini anaweza kuichomelea kwa vipande vya chesesi. Kilichokosekana ni watu wa kukaa na kuuliza unene gani, mzigo kiasi gani, umejuaje. Nyinyi ndio mnajua kuuliza hivyo. Mmefundishwa vizuri kuliko mnavyodhani, nami nimeliona hilo kwa macho yangu kwenye lile daftari lenye oili.

Kwa hiyo usiache timu. Kuna watu hapa walioniambia nikushauri ufuate masomo, uachane na vigari. Nimewakatalia. Ila mkikaa mwezi wa kumi kupanga gari la mwaka ujao, mtie mtu mmoja kwenye kikao ambaye kazi yake ni kuwa mteja mwenye mdomo, na mumwachie akatae.

Umesema unakuja Desemba. Mvua zitakuwa zimeanza, hivyo njoo na viatu vya maana. Niletee nakala ya kanuni za ukaguzi, kurasa zile za breki na za kuinamisha gari, nizitafsiri kwa ajili ya vijana wa chuo cha ufundi cha VETA. Ukiweza kuazima vile vipimio vya joto mnavyofunga kwenye breki, azima vinne. Fundi wa Chanji ameshakubali kutoa ekseli mbili na siku zake za Jumamosi, ng'ombe tutawapata kwa baba yako mdogo, na nimeshazungumza na mwenye lori mmoja anayekwenda Muze kuchukua mpunga. Anasema tunaweza kumfungia vipimio vyetu kwenye magurudumu ya nyuma mradi tusimcheleweshe. Anataka kujua tarehe mapema. Nijulishe ukishakata tiketi, na usisahau lile swali la nati.

Msalimie dada yako na watoto.

Ni mimi,
Shangazi yako